Katoni ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Afisa, naye hakuwahi kuwasahihisha. Asubuhi alitoka na suruali ya kijivu iliyonyooshwa pasi, shati lenye nembo ya uwanja wa ndege, na kitambulisho kikining'inia shingoni kwa kamba ya buluu. Mtu asiyemjua angeapa kwamba huyu ndiye anayegonga mihuri kwenye pasipoti za watu. Kumbe kazi yake ilikuwa kupiga deki. Alisafisha ukumbi wa abiria wanaowasili, kuanzia kwenye ukanda unaoleta mizigo hadi kwenye meza za forodha, na akifika mwisho alirudi mwanzo, maana watu hawaachi kuwasili.

Jina hilo lililetwa na hadithi zake. Jioni akirudi kazini, majirani walijisogeza mlangoni pake kusikia leo forodha wamekamata nini. Afisa aliwapa. Aliwapa bwana aliyevaa suruali juu ya suruali mpaka akashindwa kukaa, na bibi aliyeficha mikufu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Chumvi alitia, tena kwa ukarimu. Katika hadithi zake wakaguzi walikuwa na macho yanayotoboa bati, hawasikii kilio, hawajui mzee wala mtoto. "Wanapekua kila kitu," alisema siku moja, watu wakiwa wameshika mbavu, "labda mto wa kulalia tu ndio wanauonea huruma!"

Hakuwahi kuwasimulia wale wengine, walio wengi, waliofungua mabegi yao, wakaonyesha walichonacho, wakaambiwa, "Pita, mama, karibu nyumbani." Nani angeacha chakula chake kipoe ili asikilize habari za mtu aliyepita salama?

*

"Ndege ya mama inatua saa nane mchana," mkewe alimwambia asubuhi hiyo, huku akimpigia pasi kola ya shati. "Umekumbuka?"

"Nitasahauje? Nimebadilishana zamu kwa ajili yake."

"Basi mpokee vizuri."

"Nimpokee wapi? Mle ndani haturuhusiwi hata kumsalimia abiria. Unamkumbuka yule mwenzetu aliyemsukumia mzee toroli akampitisha mezani? Mpaka leo yuko kwake anatazama dari. Na mkataba wangu wenyewe unaisha mwezi huu."

"Sijasema umbebe mgongoni. Simama tu mahali akuone. Akiona uso anaoujua atapata moyo. Mama anawaogopa watu wa forodha, we acha tu."

"Nani kamtia hofu?"

Mkewe akainua pasi, akamtazama, akacheka. "Si wewe na hadithi zako? Jana kwenye simu nimemsimulia zote. Nimemwambia afunge vitu vyake vizuri."

Afisa naye akacheka. Moyoni alifurahi, kwa kuwa hadithi zake zilikuwa zimevuka mpaka bila pasipoti, zikamfikia mtu ambaye hakuwahi kuzicheka. Mama mkwe wake alikuwa mshonaji wa mito, mwanamke wa maneno machache yenye ncha. Kwake yeye mkwewe hakuwa Afisa. Alikuwa Bwana Deki. Na kila alipomkuta dukani akinunua sigara moja moja, alimwambia muuza duka kwa sauti ya kusikika na wote, "Mpe na kiberiti, labda nacho hana." Miaka yote hiyo hakuwahi kumpa mkwewe hata kifungo cha shati. Sasa alikuwa anarudi kutoka kwa binti yake mwingine, ambaye anaishi nje, na angelala kwao siku kadhaa kabla ya kwenda kwake.

"Haya," alisema Afisa, akivaa kitambulisho chake. "Nitasimama chini ya bango. Hapo hawezi kunikosa."

*

Bango lilikuwa la plastiki, pana, limebandikwa ukutani karibu na meza za forodha. Afisa alilifuta kila zamu, na maneno yake yalikuwa yamemkaa kichwani kama tangazo la sabuni. Siku hiyo lilimpa kisingizio. Abiria wa ndege ya saa nane walipoanza kumiminika, yeye alikuwa pale na kitambaa, analisugua mahali palipokwisha takata. Msimamizi wa usafi alikuwa mlangoni na redio yake ya mkononi, akizungusha macho.

Mama mkwe alitokea karibu na mwisho. Alivaa koti ambalo bila shaka ni la binti yake, maana mikono yake ilimfunika vidole. Begi lake lilikuwa kwenye toroli, lakini mto alikuwa ameukumbatia. Afisa aliujua ushonaji ule hata kwa mbali. Kila mto nyumbani kwake umefungwa hivyo pembeni, kwa uzi mweusi uliorudiwa mara mbili. Hakuona ajabu. Alijua mama mkwe halali kwenye mto wa mtu.

Mkaguzi mezani alikuwa binti mpole, wala hakuwa na macho ya kutoboa bati.

"Karibu nyumbani, mama. Una kitu chochote cha kuonyesha? Tumbaku, pombe, dhahabu?"

"Sina, mwanangu. Nguo tu."

"Na mto huo?"

"Wa mgongo. Nikikaa sana unaniuma."

"Pole. Uweke hapa upite kwenye mashine, utauchukua upande wa pili."

"Mto nao?"

"Kila kitu, mama."

Mama mkwe hakuuachia mara moja. Mkaguzi ilibidi aushike upande mmoja na kungoja, kama mtu anayepokezana mtoto aliyelala. Mto ukaingia kwenye mashine. Kijana anayetazama kioo akasimamisha ukanda, akaurudisha nyuma, akaupeleka mbele tena, kisha akamwita mwenzake kwa kidole.

Waliuchana kwa wembe. Uzi ulikataa kwanza, maana mwenye kuushona alikuwa fundi. Halafu sufi ikafumuka, ikaruka juu ya meza, ikaanguka sakafuni, na katikati yake kukaonekana katoni moja ya sigara, ikiwa bado na karatasi yake ya kung'aa.

"Mama, hii ni nini?"

Mama mkwe alikuwa akiikusanya sufi mezani kwa kiganja.

"Za nani hizi? Kuna mtu kakutuma?" Mkaguzi alishusha sauti, lakini ukumbi ule hauna siri. "Nisikilize vizuri, mama. Kuna mtu anayefanya kazi humu ndani anakusubiri?"

Kusikia "humu ndani," msimamizi aligeuza shingo. Afisa aliona jinsi macho yake yalivyoanza kupita kwa mfanyakazi mmoja mmoja. Mama mkwe naye aliinua uso. Alimwona. Hapakuwa na shaka kwamba alimwona, maana macho yake yalimfikia Afisa chini ya bango, yakakaa hapo kitambo, yakamtazama kuanzia kwenye kitambaa hadi kwenye ile kamba ya buluu. Kisha yakampita, yakaenda kwenye ukuta.

"Sina mtu humu ndani," alisema. "Ni zangu. Navuta."

Watu kwenye foleni waliangua kicheko. "Katoni nzima, bibi?" alisema bwana mmoja mwenye kofia. "Hicho ni kifua au dohani?" Mama mkwe hakugeuka. Alikuwa mwanamke ambaye maisha yake yote hajawahi kushika sigara, ila kuiokota kwa ncha za vidole kwenye uwanja wake na kuitupa huku akitema mate.

Mkaguzi alishusha pumzi. "Mama, kwa nini hukusema? Katoni moja inaruhusiwa. Kila mtu mzima, yake moja, bila kulipa hata senti. Ungeishika mkononi ungepita nayo. Sasa kosa si sigara, kosa ni kuificha. Naichukua, na faini juu."

"Inaruhusiwa?"

"Bango si hilo hapo, mama? Maandishi makubwa yote hayo."

Mama mkwe alikunja macho kulitazama bango. "Siyaoni," akasema. "Naona weupe tu."

Afisa alikuwa na neno ulimini. Lilikuwa neno fupi, silabi mbili: Mama. Baada ya hapo mengine yangejileta yenyewe. Angeweza kusema huyu ni mkwe wangu, hajui sheria, nimemtisha mimi kwa soga zangu. Alifungua mdomo. Akaona kamba ya buluu kifuani mwake, akaona mkataba, akaona dari ya yule mwenzao aliyefukuzwa. Akafunga mdomo.

"Wewe!" msimamizi alimwita. "Unasubiri nini? Huoni kumechafuka pale mezani?"

Basi alikwenda. Alichukua ufagio na beleshi dogo, akainama mbele ya meza, akaanza kufagia sufi ya mto wa mama mkwe wake. Ilikuwa nyepesi, kila alipoisogelea ilimkimbia. Juu ya kichwa chake alimsikia mama mkwe akifungua fundo la kitambaa na kuhesabu noti polepole, akizipapasa. "Za miwani yangu hizi," alisema, wala hakumwambia mtu yeyote hasa. "Binti yangu kanipa nikapime macho."

Sufi nyingine ilikuwa imenasa chini ya kiatu chake. Afisa alisita. Mama mkwe aliinua mguu ili afagie, kama ambavyo angefanya abiria yeyote.

"Asante," alimwambia, na hakumtazama.

*

Aliporudi nyumbani jioni, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kochi, ameoga, amejifunga khanga, mjukuu wake wa kike amejilaza mapajani mwake. Afisa alisimama mlangoni kama mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za kazi?"

"Nzuri. Za safari?"

"Salama. Nimepita vizuri."

Basi. Aliinamisha kichwa kwa mjukuu, akaendelea kumsuka. Afisa alitafuta hasira kwenye sauti ile akaikosa, na kuikosa huko ndiko kulikomtisha. Alimzoea mama mkwe mwenye ncha. Huyu aliyemwita "baba" kwa upole hakujua amshike wapi.

Alimfuata mkewe jikoni. Mkewe alikuwa akikatakata vitunguu, akamwambia kwa kunong'ona, "Mto wake uko wapi? Namuuliza, anasema ameusahau kwenye ndege. Mama asahau mto?"

"Sijui."

"Mle ndani si kulikuwa na zawadi yako."

"Zawadi gani?"

"Kaniapisha nisikwambie, lakini sasa nitafichia nini? Katoni ya sigara. Alinipigia akaniuliza unavuta zipi. Mimi mwenyewe nilidhani sijasikia vizuri. Akasema, 'Bwana Deki asinunue tena moja moja kama mwanafunzi. Kwangu haoi mtu wa sigara moja moja.'" Mkewe alicheka, akijifuta machozi ya vitunguu kwa mgongo wa mkono. "Ndiyo lugha yake ya kukubali, mume wangu. Nimeingoja miaka yote. Nikamwambia aifiche ndani ya mto, maana wewe ulisema mito hawaigusi."

Afisa alishika ukingo wa meza.

"Nilisema kwa utani," alisema.

"Utani gani? Si ulisema?"

Alisikia aibu ikimpanda, nzito. Hadi dakika ile alikuwa amejipa moyo kwamba mama mkwe alikuwa na biashara zake, kwamba kila mtu hubeba mzigo wake. Kumbe ile sufi aliyoikimbiza sakafuni ilikuwa imefungwa kwa ajili yake, na ule uzi ulirudiwa mara mbili kwa ajili yake.

*

Walipomaliza kula, majirani walikuja kumjulia hali msafiri. Aliyetangulia alikuwa fundi redio, ambaye huishi chumba cha pili na hukosa kila kitu isipokuwa hadithi za Afisa. Alimwamkia mama mkwe, akamuuliza ya huko nje, akaambiwa kuna baridi. Akasubiri zaidi, hakupewa. Basi akageuka.

"Haya, Afisa! Leo wamekamata nini?"

"Leo hapakuwa na kitu."

"Usitubanie, bwana. Na ndege kubwa ya saa nane imetua? Mama mwenyewe shahidi, lazima ameona vituko."

"Mimi sikuona kitu," alisema mama mkwe. "Macho yangu mabovu."

Alikuwa anampa njia kwa mara ya pili. Afisa aliiona ile njia, pana na nyeupe. Ilikuwa rahisi tu: acheke, asimulie kisa cha zamani, watu waende kulala. Akatazama mikono ya mama mkwe ikipita kwenye nywele za mtoto, inasuka kwa kupapasa, bila kuangalia.

"Wamemkamata mtu wa deki," alisema.

"Eh!" Fundi redio alisogeza kigoda. "Mwenzenu? Kaiba?"

"Hakuiba. Nyumbani kwake amezoea kupiga domo. Anawaambia watu kwamba forodha wanachukua kila kitu, ili wacheke, ili wamwone anajua. Hajawahi kuwaambia kwamba mtu mzima anaruhusiwa katoni moja ya sigara, aionyeshe, apite. Hajawahi kwa sababu halichekeshi. Sasa mama mkwe wake akamletea hiyo katoni moja. Iliyoruhusiwa. Akaificha kwenye mto kwa sababu ya maneno ya huyo mtu, wakauchana mbele ya watu, wakamcheka, wakamtoza pesa za miwani yake. Wakamuuliza, una mtu humu ndani?"

Mkewe alikuwa ametokea kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi.

"Na yeye alikuwa wapi?" aliuliza mkewe. Sauti ilionyesha kwamba amekwisha kujua.

"Palepale. Ana ufagio. Kafagia sufi ya mto miguuni pa mama yake, akanyamaza."

Fundi redio alifungua mdomo ili acheke, kwa mazoea, kisha akaufunga. Alianza kutafuta viatu vyake.

"Kaa," mama mkwe alimwambia. "Umekuja kusikiliza, sikiliza." Halafu akamgeukia mkwewe, na safari hii alimtazama. "Mimi ndiye niliyesema sina mtu."

"Najua, mama."

"Nilisema ili unyamaze. Nikawaza, huyu akisema neno, kesho mjukuu wangu atakula nini? Nikakukazia macho ili unyamaze. Ukanyamaza." Alimtoa mtoto mapajani taratibu. "Uliponyamaza, ikaniuma. Hayo yote mawili ni ya kweli, baba, nami nimekaa hapa tangu mchana natafuta lipi liwe kubwa. Sijalipata."

"Nisamehe, mama. Kesho nitakwenda kuwaambia. Nitasema ilikuwa ya kwangu."

"Utasema ufukuzwe, halafu mimi nitakuwa nimenunua nini na zile pesa za miwani? Hapana. Kesho nenda kazini kwako." Alikunja khanga yake vizuri magotini. "Lile bango. Lile nililoona weupe tu. Linasemaje?"

"Bango?"

"Wewe si unalifuta kila siku? Nisomee."

Afisa aliwatazama wote, akiona haya kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Kisha akaanza. Hakuhitaji kufikiri, maneno yalikuja kwa mpangilio wake, mstari kwa mstari, kama alivyoyapitishia kitambaa.

"Karibu nyumbani. Kila abiria mtu mzima anaruhusiwa kuingia na katoni moja ya sigara, au kiasi chake cha tumbaku, kwa matumizi yake mwenyewe au kwa zawadi, bila kulipa ushuru."

"Au kwa zawadi," alirudia mama mkwe.

"Ndiyo, mama. Au kwa zawadi. Watoto hawahesabiwi. Kinachozidi kionyeshwe mezani, kilipiwe. Kitakachofichwa kitachukuliwa, hata kama ni kidogo, na faini italipwa."

Hapa alisimama.

"Ndiyo mwisho?" aliuliza mama mkwe.

"Kuna mstari mmoja. Uko chini kabisa."

"Usome."

Alikuwa ameupangusa vumbi miaka yote, huo mstari wa chini kuliko yote, kwa sababu ndiko matone ya maji huishia na kukauka. Leo ndiyo mara ya kwanza alipousikia.

"Ukiwa na shaka," alisema, "muulize mfanyakazi yeyote aliye karibu nawe."

Mkewe aliweka sufuria chini. Mama mkwe alisubiri kidogo, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayedhani bado kuna neno.

"Endelea," alisema.

Lakini bango lilikuwa linaishia hapo.